Ukienda kujitolea Saint Lucia: anza na salamu, malizia na begi la kimbunga

Nilikaa Saint Lucia, kisiwa cha Karibi, miaka miwili nikifundisha watoto kusoma katika shule ya msingi ya kijiji cha wavuvi, pwani ya magharibi, kati ya Castries na Soufrière. Kwetu ni Tanga. Nalitaja hilo mapema kwa sababu shida yangu kubwa ya miezi ya mwanzo ilitokana nalo: kisiwa kilifanana mno na nyumbani. Minazi, maembe, migomba mpaka kingo za barabara, Hiace zinazongoja kujaza abiria, magari yanayopita kushoto, wavuvi wanaovuta nyavu alfajiri. Nikajiona nimefika ninapopajua, nikaacha kuuliza.

Mzungu anayekuja kujitolea husamehewa mengi, maana kila mtu anamwona ni mgeni. Wewe mweusi ukipanda basi unahesabiwa mwenyeji mpaka ufungue mdomo, na kabla hujaufungua umeshaonekana huna adabu. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe ningetamani kupangiwa.

Hatua ya 1: Kagua safari yenyewe

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Wengi hupitia London au Marekani, na hapo ndipo watu hukwama. Marekani inadai viza hata kwa mtu anayebadilisha ndege tu. London, ukishukia Heathrow na ndege ya kuendelea ikaondokea Gatwick, itabidi uingie nchini na kuvuka jiji, nayo pia ni viza. Omba kuiona tiketi kabla shirika linalokupeleka halijailipia, halafu nenda kaulize ubalozini kwa pasipoti yako wewe, maana ya mwenzako wa nchi nyingine itakuwa na masharti yake.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uliza pia nani anakupokea, kwa sababu uwanja mkubwa, Hewanorra, uko Vieux Fort, kusini kabisa, na mji mkuu Castries uko kaskazini. Kati yao kuna zaidi ya saa nzima ya milima na kona.

Kwenye sanduku usiweke nguo yoyote ya rangi za kijeshi, hata kofia au kaptura ya mtoto. Sheria ya nchi inakataza raia kuvaa kombati. Adapta hutaihitaji: umeme wao ni wa volti 240 na soketi ni zile zile za matundu matatu tunazotumia Tanzania na Kenya. Weka kanga tatu au nne. Utaona baadaye kwa nini.

Hatua ya 2: Salimia kabla ya kila kitu

Utasema sisi Waswahili hatufundishwi kusalimia. Nami nilidhani hivyo. Lakini fikiria daladala ya Dar es Salaam au matatu ya Nairobi: nani anapanda akasalimia abiria wote? Saint Lucia unafanya hivyo. Unaingia basini, dukani, benki, zahanati, kwenye foleni ya posta, unasema "Good morning" kwa sauti ya kusikika na watu wote wanaitikia. Siku yangu ya pili nilipanda kimya, nikakaa. Bibi mmoja mwenye kofia ya kanisani akanigeukia, akaninyooshea macho na kusema "Good morning" taratibu, kama mwalimu anayemsubiri mtoto amalizie jibu. Basi zima lilikuwa linasikiliza. Nikaitikia, na tangu siku ile sikusahau tena.

Kuna mtego mwingine kwenye salamu ya usiku. Kwetu "Good night" tuliyofundishwa shuleni ni ya kuagana. Kwao ni ya kufika: jua likishazama, hiyo ndiyo hodi. Jioni yangu ya tatu mtu alibisha, akasema "Good night". Nikajua ananitakia usiku mwema, nikamjibu vivyo hivyo nikafunga mlango. Alikuwa mama mwenye nyumba, amesimama na sahani ya shelisheli la kuchoma lililofunikwa kitambaa. Kesho yake nilienda kumwomba radhi, naye akanisamehe. Shelisheli nililila limepoa.

Watu wazima usiwaite kwa jina tupu. Mama wa makamo ni "Miss" pamoja na jina lake la kwanza, awe ameolewa au hajaolewa. Sikiliza majirani wanavyomwita mtu, nawe umwite hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Jifunze Kwéyòl, japo kidogo

Waingereza na Wafaransa waligombania kisiwa hiki mpaka kikabadilisha mikono mara 14, hatimaye kikabaki kwa Waingereza mwaka 1814 na kupata uhuru 22 Februari 1979. Ndiyo maana majina ya vijiji ni ya Kifaransa, karatasi za ofisini ni za Kiingereza, na lugha ya moyoni, hasa vijijini na kwa wazee, ni Kwéyòl, Krioli iliyojengwa kwa maneno ya Kifaransa.

Anza na haya: "Bonjou" asubuhi, "Bonswè" jioni, "Mèsi" ni asante, "Souplé" ni tafadhali. Halafu jifunze salamu moja ambayo Mswahili ataipenda mara moja. Wanauliza "Sa ka fèt?", habari gani, na jibu ni "Mwen la". Maana yake neno kwa neno ni "nipo". Nilipoelezwa niliona kama nimekutana na ndugu: mtu anakuuliza habari, unamjibu kwamba upo, na nyote wawili mnaelewa kwamba hilo linatosha.

Angalia tu ile "ka". Masikio yetu yanaisikia kama ya "akaja, akala", jambo lililokwisha. Kwao ni ya sasa: "Mwen ka manjé" ni ninakula, hivi sasa.

Kama kazi yako ni ya shule, shika na hili. Kiingereza cha watoto wengi kinafuata mpangilio wa Kwéyòl. Mtoto atakwambia "It making hot" akimaanisha kuna joto, kwa sababu ndivyo Kwéyòl inavyosema. Usimkatishe mbele ya wenzake. Wazee wengi wanakumbuka jinsi shule ilivyowakataza lugha yao, kama watoto wengi wa Kenya walivyoadhibiwa kwa kuongea lugha ya mama. Mimi niliacha mtoto amalize hadithi yake kwa lugha aliyonayo, kisha tukaiandika pamoja kwa Kiingereza cha kitabu. Wale niliowasahihisha papo hapo walinyamaza muhula mzima, na hilo linaniuma hadi leo.

Hatua ya 4: Panda basi, jua saa

Mabasi ni Hiace zenye namba ya njia: 1A ni Castries na Gros Islet, 2H ni Castries na Vieux Fort, 3D ni Castries na Soufrière. Usitafute konda. Unamwambia dereva unaposhuka mapema, unashuka, unamlipa dirishani. Shika noti ndogo. Viti vya katikati ni vya kukunja, basi wa nyuma akishuka, nyote mnaopakana naye mnashuka na kupanda tena, na hakuna anayenung'unika. Jioni mabasi ya vijijini yanakwisha mapema, na Jumapili ni ya kubahatisha. Panga ratiba yako ya Jumapili kwa miguu.

Kisiwa kiko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba. Nilizoea kupiga simu nyumbani Jumapili saa moja asubuhi kabla ya misa, Tanga ikiwa saa nane mchana, watu wameshakula na wamepumzika. Wakati huo huo hesabu saa kama wao: ukimwambia mwalimu mwenzako mkutane "saa tatu", atakuja mchana wa saa tisa zako.

Hatua ya 5: Pesa na jiko

Fedha ni dola ya Karibi Mashariki, iliyofungwa kwa dola ya Marekani tangu 1976: 2.70 za kwao kwa moja ya Marekani. Watu wanasema "dola" tu, kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei ya teksi au ya chumba uliza ni dola ipi. Usizoee kutegemea simu kulipia nyanya sokoni kama M-Pesa. Tembea na taslimu. Vitu vya supamaketi vimevuka bahari na bei yake inaonyesha hivyo. Ukila kama wenyeji posho itatosha, ukitaka kula kama ulivyozoea itakatika katikati ya mwezi.

Nenda soko la Castries Jumamosi asubuhi. Utakuta magimbi (wao wanaita dasheen), viazi vikuu, muhogo, ndizi mbichi, mashelisheli. Muhogo na ndizi huhitaji kufundishwa. Shelisheli lililetwa eneo hili na Waingereza mwaka 1793 kuwa chakula cha watumwa, na leo ni la kila mtu: linachomwa zima juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, linapasuliwa, linatoa mvuke wenye harufu ya mkate. Unga wa mahindi utaupata, lakini ni wa njano. Ugali wake unakuwa laini zaidi, songa kwa unga mwingi kidogo.

Chakula cha taifa ni "green figs and saltfish". Usitafute tini. "Fig" kwao ni ndizi. Mama mwenye nyumba alinifundisha jikoni kwake, hivi. Samaki wa chumvi, mkavu na mgumu kama ubao, analowekwa usiku kucha na maji yanamwagwa. Asubuhi anachemshwa, maji yanamwagwa tena, anaonjwa, na kama bado ulimi unakunja anachemshwa mara ya pili. Ndizi mbichi zinakatwa ncha, zinachanjwa ganda kwa urefu, zinachemshwa na maganda yake, kwa hiyo utomvu haukushiki mikono. Ganda linatoka lenyewe zikiiva. Mimi nilikuwa nimepaka mikono mafuta tayari kumenya, kama tufanyavyo kwetu. Akacheka, akanipa kisu. Samaki anachambuliwa miiba, anakaangwa na vitunguu, pilipili hoho, nyanya na majani ya thaimu, anamiminwa juu ya ndizi. Ningelilinganisha na mtori uliokataa kupondwa.

Ukiulizwa asubuhi kama utakunywa chai, uliza chai ya nini. Kinywaji chochote cha moto wanakiita chai, na ile ya kakao ndiyo ya kuomba: kakao ya kienyeji iliyosagwa na kuviringwa kama kidole, inakunwa kwenye maji yanayochemka pamoja na mdalasini, kungumanga na jani la "bay", maziwa na sukari mwishoni. Inanywewa na "bake", ambayo ni ndugu wa andazi lisilo na sukari.

Kumbuka utakula ndizi ambazo zamani zilijenga shule na nyumba za kisiwa. Zilikuwa zinauzwa Uingereza kwa upendeleo maalumu, mpaka kesi za biashara za miaka ya 1990 katika Shirika la Biashara la Dunia zilipouvunja. Ukiona mteremko uliojaa vichaka kati ya migomba michache yenye mikungu iliyovikwa mifuko ya bluu, hapo palikuwa na riziki ya familia. Mzee akianza kuzungumzia ndizi, mpe muda wake.

Hatua ya 6: Maji na mwili

Kiangazi ni kuanzia Januari hadi Mei, na mabomba yanaweza kukauka siku kadhaa. Bwawa kuu la John Compton lilijaa tope baada ya Kimbunga Tomas cha mwaka 2010, na uwezo wake wa kuhifadhi maji ukapungua. Kabla hujakubali nyumba uliza kama ina tangi. Kama haina, nunua pipa lenye mfuniko na ufunike kweli kweli, maana mbu wa dengi anataga humo.

Malaria haipo Saint Lucia, dengi ipo. Mbu wake anauma mchana, kwa hiyo neti haitoshi. Sasa sikiliza hili vizuri: kama umetoka Afrika Mashariki karibuni na ukapata homa katika wiki au hata miezi ya kwanza, mwambie daktari kabla hajakuuliza kwamba umetoka kwenye nchi yenye malaria, na umwombe akupime. Yeye hakutani na malaria kila siku na anaweza kufikiria dengi tu. Wakati huo usimeze aspirini wala ibuprofeni mpaka dengi iondolewe, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu.

Ufukweni, jifunze kuutambua mti wa manchineel: mdogo, majani yanayong'aa, matunda ya kijani kama tufaha dogo. Tunda ni sumu, utomvu unababua ngozi, na hata ukijikinga mvua chini yake matone yanakuunguza. Baadhi imepakwa mstari mwekundu shinani, mingine haikupakwa. Upande wa mashariki, unaotazama Atlantiki, usiogelee bila mwenyeji. Kichakani vaa buti, kuna nyoka mmoja mwenye sumu kali, fer-de-lance.

Hatua ya 7: Ingia kwenye kitu kisicho kazi yako

Kazini watakuwa na heshima nawe, lakini urafiki utaupata kwingine. Kwaya ya kanisa inafaa. Mpira unafaa. Mimi nilipata bahati ya kualikwa kwenye mazoezi ya La Rose.

Kuna vyama viwili vya nyimbo, La Rose na La Marguerite, vyenye ushindani wa muda mrefu. Kila kimoja kina mfalme na malkia wake, polisi, wauguzi, vyeo vilivyopangwa, na sikukuu yake: La Rose 30 Agosti, La Marguerite 17 Oktoba. Miezi ya kabla watu wanakutana usiku kuimba. Nilipomwona "polisi" anamtoza faini mtu kwa kosa la kubuni, na fedha ikaingia kwenye mfuko wa chama, niliwakumbuka wazee wa kwetu walivyosimulia ngoma ya beni na vyama vyake shindani, Marini na Arinoti, na vyeo vyao vya kifalme na kijeshi. Nikawasimulia. Usiku ule walinikalisha karibu na ngoma.

Hapo ndipo kanga zitakapofanya kazi. Vazi la taifa lina kitambaa cha mirabaraba kinachoitwa madras, na zamani namna ya kukifunga kichwani ilikuwa na maana: ncha moja, moyo uko huru, mbili, nimechumbiwa, tatu, nimeolewa, nne, bado pana nafasi kwa atakayethubutu. Nami nikatandaza kanga mezani na kuwasomea majina yake. Tulikaa mpaka saa sita usiku tukilinganisha.

Watakuuliza habari za Afrika, na maswali mengine yatakuchosha. Jibu kwa upole. Babu zao walichukuliwa kwa nguvu, wengi kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, na mtu anayekuuliza kama kijijini kwenu kuna umeme huenda hajawahi kuzungumza na mtu yeyote kutoka upande ule wa bahari. Usijifanye unajua asili yake kuliko yeye. Tarehe 1 Agosti, siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1834, nenda uwe nao.

Hatua ya 8: Begi la kimbunga, kabla ya Juni

Msimu ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Sisi vimbunga tunavisoma zaidi kuliko kuviona. Zanzibar iliangushiwa mikarafuu yake mwaka 1872, na tangu hapo wengi wetu hatuna kumbukumbu ya mwilini. Kwa hiyo fuata wanavyofanya majirani, hata kama anga ni ya bluu.

Tundika begi nyuma ya mlango. Ndani: pasipoti na vyeti kwenye mfuko wa plastiki, dawa zako za mwezi mmoja, tochi, redio ndogo na betri, taslimu, kisu cha kopo, chakula kisichohitaji kupikwa. Weka maji ya kunywa ya siku tatu au zaidi. Uliza idara ya maafa, NEMO, jengo gani ndilo kimbilio la kijiji chako, na ulitembelee kwa miguu mchana ili ujue njia yake gizani.

Redio itatumia maneno mawili. "Watch" ni kwamba kimbunga kinawezekana ndani ya saa 48. "Warning" ni kwamba kinatarajiwa ndani ya saa 36, na hapo kazi zote ziwe zimekwisha: funga mbao za madirisha, ingiza ndani kila kinachoweza kupeperuka, jaza kila chombo maji.

Mwishoni mwa Juni 2024, Kimbunga Beryl kilipokuwa kinakuja, nilijaza ndoo mbili nikaona inatosha. Nje wanaume walikuwa wanavuta mitumbwi kutoka ufukweni mpaka barabarani na kuifunga kamba kwenye nguzo za umeme. Mama mwenye nyumba aliingia kwangu, akazitazama ndoo, akaenda kuosha pipa la taka kwa sabuni na kulijaza maji, bila kusema neno. Tulilala sebuleni kwake watu saba. Asubuhi ya 1 Julai jicho lilipita kusini yetu, likatua Carriacou, kisiwa cha Grenada, kwa nguvu ya daraja la nne. Kwetu ilikuwa upepo, mabati na mawimbi. Lile pipa tulilitumia mpaka tone la mwisho.

Jicho likipita juu yenu, upepo utakata ghafla na jua litatoka. Usitoke nje. Upande wa pili wa kimbunga unakuja kutoka mwelekeo wa kinyume, na ukuta uliosimama dhidi ya upepo wa kwanza huenda usimudu wa pili.

Msimu ukifungwa 30 Novemba, teremsha begi. Kula samaki wa kopo kabla tarehe haijapita, toa betri kwenye tochi zisije zikavuja, rudisha vyeti kabatini, mpe jirani biskuti kwa ajili ya watoto. Begi lenyewe liache palepale kwenye msumari.